Twiga Kumi na Wawili wa Chuo cha Bondeni

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni uwanja wa udongo mwekundu, umefagiliwa ukatakata. Huku kuna mti uliofungwa kikapu cha ukindu kisicho na kitako, na kule mti mwingine na kikapu chake. Pembeni kuna bwawa, maji yanametameta. Na hapo, kando ya bwawa, amesimama Bwana Kiboko na kofia ya kijani kichwani. Mdomo wake uko wazi kama lango la zizi, lakini sauti haitoki. Hata pumzi haitoki!

Haya, fumbueni. Mnataka kujua ni nini kilichomshtua hivyo?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyuo na jezi na makocha kama tulivyo navyo sisi, wakubwa walisoma Chuo cha Bondeni, na wadogo walisoma Chuo cha Vichuguuni. Kila mwaka, kiangazi kikikaribia, vyuo hivyo vilicheza mechi moja ya mpira wa kikapu. Mshindi alilichukua bwawa kiangazi chote. Aliyeshindwa alikwenda kutafuta madimbwi nyuma ya vilima, nusu siku kwa miguu.

Bondeni walikuwa wameshinda miaka saba mfululizo.

Bwana Kiboko alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa Bondeni. Mpira wenyewe hakuwahi kuushika, lakini kwa kuuzungumzia hakuna aliyemfikia. Na bwawa kwake halikuwa mchezo. Ngozi ya kiboko bila maji hupasuka kama udongo wa jangwani, na nyumbani alikuwa na mkewe na mtoto wao mchanga, Tope, aliyezaliwa mvua za mwaka ule.

Siku mbili kabla ya mechi, asubuhi, Bwana Kiboko alikuwa majini, nusu ndani nusu nje, akimpigia domo Kocha Kifaru aliyesimama ukingoni.

"Kikosi tunacho, Kocha. Lakini benchi! Benchi letu jepesi. Nyati akichoka, anaingia nani?"

"Nyati hachoki."

"Akichoka, je?"

"Miaka saba hajachoka, Mwenyekiti."

"Lakini akichoka?"

Kocha Kifaru akapuliza pua, fuuu! Alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa mashabiki. Mashabiki aliwaogopa.

Mara wakasikia vishindo vidogo, tu-tu-tu-tu! Nguchiro huyo, kocha wa Vichuguuni, anakuja mbio, machozi njia mbili.

"Hodi, wakubwa zangu! Shikamooni! Uwii, nimekwisha mimi!"

"Marahaba," akasema Bwana Kiboko. "Una nini asubuhi yote hii, wewe kijiti cha meno?"

"Nimezunguka nyika nzima kutafuta wachezaji wapya. Nikapata twiga. Twiga kumi na wawili!"

Chubwi! Bwana Kiboko akaruka majini hadi maji yakamlowesha Kifaru. "Kumi na wangapi?"

"Kumi na wawili, mkubwa wangu. Tumefika njia panda, wakaniuliza, 'Bingwa wa huku ni nani?' Nami sijui kusema uongo. Nikawaambia ni Bondeni. Wakasema, 'Basi tupeleke Bondeni. Sisi hatuchezei wanaoshindwa.' Uwii, jasho langu limepotea bure!"

"Na… na ni warefu?"

"Aliye mfupi kuliko wote anatia mpira kikapuni bila kunyanyua kisigino."

Bwana Kiboko tayari alikuwa anawaona. Twiga uwanjani, twiga benchini, twiga wakipokezana na twiga. Akaona kiangazi hiki, na kinachofuata, na vyote vitakavyokuja, Tope akiogelea kwenye maji ya kwao.

"Tatizo ni orodha," akasema Kocha Kifaru. "Refa Korongo hupokea majina kumi na mawili tu, na leo ndiyo siku ya kuyapeleka. Akishayapokea, hayabadilishwi. Tuchukue twiga watano. Wa zamani saba wabaki."

"Watano?" Bwana Kiboko akapanda ukingoni akichuruzika maji. "Kocha, bahati imekuja na miguu yake, wewe unaipa kiti kimoja? Andika wote! Watano waanze, saba wakae benchi. Benchi la twiga watupu! Mashabiki watasema nini wakisikia umeacha twiga?"

Kifaru akaona mashabiki akilini mwake. Akaandika wote.

Nguchiro akajifuta machozi kwa mkia. "Na wale saba wa zamani, wakubwa zangu? Mkiwatupa, nipeni mimi niwaokote. Angalau nitimize timu, nisiaibike."

"Wachukue!" Bwana Kiboko akacheka, hoo-hoo-hoo! "Makapi hayo. Wachukue na kapu lake!"

Nyati, nahodha, akaja akichechemea. Goti lake moja lilikuwa limevimba tangu mechi ya mwaka jana.

"Mwenyekiti, ni kweli nimefutwa?"

"Nyati, mwanangu, asante kwa kila kitu. Lakini sasa wapishe wenye shingo."

Nyati alivua jezi yake, akaikunja vizuri, akaiweka chini, akaondoka. Nyuma yake akafuata Mbuni, na Pofu, yule swala mkubwa, na wengine wote.

Nyumbani, Bi Kiboko aliposikia, aliacha kumsugua Tope mgongo.

"Baba Tope, hao twiga umewaona wakidunda mpira?"

"Mama Tope nawe! Mgeni hafanyishwi kazi."

Na hapo, wanangu, alisema kweli. Watu wa Bondeni walishika desturi kuliko chuo chochote. Ninyi mnaujua ule msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao hawakuusema tu, waliutenda. Mgeni aliwekwa ndani ya wigo wa miiba kando ya bwawa, mrefu, uliosongamana. Akapelekewa chakula mlangoni. Kwa siku mbili hasumbuliwi, hachunguliwi, haguswi kwa kazi yoyote. Siku ya tatu ndipo anapotolewa na kukabidhiwa kazi. Na siku ya tatu ya twiga wale ilikuwa ndiyo siku ya mechi.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," Bi Kiboko akamwambia mumewe. "Nyati tunamjua."

"Ngoja uone shingo, mke wangu. Ukiona shingo utanyamaza."

Alasiri ile ile wageni wakafika kwa njia ya nyuma, na Nguchiro akawaingiza wigoni mwenyewe. Mashabiki wakasimama mbali, kama desturi inavyotaka. Juu ya miiba kikachomoza kichwa. Kirefu, cha rangi ya kahawia, chenye vipembe viwili! Kikaitikia, ndi! Kikachomoza cha pili. Ndi! Cha tatu. Ndi!

Bwana Kiboko akahesabu mpaka kumi na viwili. Kwa furaha, akarudia kuhesabu.

"Oyeee!"

"Mbona hawaongei?" akauliza Bi Kiboko.

"Twiga huongea? Wapole hao!"

Nguchiro akaeleza kwamba twiga wa nyika ile hawali majani. Wamezoea karanga, mihogo ya kuchemsha na mabungo. Basi Bwana Kiboko akapeleka makapu mlangoni, asubuhi, mchana na jioni. Ndani kukasikika kacha-kacha-kacha! Kisha kapu tupu likarushwa nje, pwaa!

"Mnasikia wanavyotafuna?" akawaambia mashabiki, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Hao ndio wachezaji!"

Siku ya tatu ikafika. Ngoma zikalia, ti-ti-pa, ti-ti-pa! Bwana Kiboko akavaa kofia ya kijani, akaubeba mpira kichwani kama anavyobebwa mtoto wa mfalme, akaenda mpaka mlango wa wigo.

"Wageni wetu! Siku mbili zimekwisha. Jembe lenu hili hapa. Tokeni!"

Kimya.

"Wanaona haya," akasema. Akausukuma mlango, kriiii!

Wanangu, ndani hakukuwa na twiga. Hakukuwa na hata mguu wa twiga! Kulikuwa na miti kumi na miwili mirefu imeegemezwa miibani, na juu ya kila mti kibuyu chenye shingo, kimechomekwa magunzi mawili ya mahindi yaliyosimama kama vipembe. Chini, maganda ya karanga yalimfika magotini. Na nyuma, penye tundu dogo lililochimbwa chini ya wigo, mkia wa panya buku wa mwisho ulikuwa unamalizikia kuingia. Fyuu! Ukatoweka.

Ndipo mdomo wa Bwana Kiboko ulipofunguka namna ile mliyoiona. Ngoma zikakatika moja moja. Kocha Kifaru, ambaye macho yake hayaoni mbali, akauliza, "Wametoka? Mbona sisikii kwato?"

Prrrii! Refa Korongo akapuliza filimbi. "Vichuguuni, ingieni!"

Na wakaingia. Nguchiro mbele. Nyuma yake Nyati, goti limefungwa majani ya dawa, jezi ya wadogo imembana kifuani hadi mishono inalia. Mbuni. Pofu. Wote saba! Mashabiki wa Bondeni wakashika vichwa.

"Bondeni, ingieni! Ninasoma orodha. Twiga wa kwanza. Twiga wa pili. Twiga wa tatu…"

"Refa!" Sauti ya Bwana Kiboko ikarudi, nyembamba kama ya mbu. "Refa wangu, kuna… kuna kosa kidogo."

"Orodha ni hii au siyo hii?"

"Ndiyo hiyo, lakini…"

"Basi leteni walio kwenye orodha."

Walifanyaje? Kocha Kifaru akasimika vibuyu vitano uwanjani. Nyati akapokea mpira. Du! Du! Du! Akakipita kibuyu cha kwanza. Akakipita cha pili. Akampasia Mbuni, Mbuni akarusha, chwaa! Kikapuni. Mpira ulipodondoka uligonga kibuyu cha tatu, paa! Kikapasuka, mbegu zikatawanyika uwanja mzima. Bwana Kiboko akageukia benchi lake, lile benchi alilolililia. Vibuyu saba vikamwangalia bila macho.

Mechi ikaisha arobaini kwa sifuri.

Bwana Kiboko akamkimbilia Nyati. "Mwanangu! Rudi kwetu, nakuomba. Bwawa, Nyati! Mtoto wangu!"

Nyati akamtazama kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko matusi. "Mzee wangu, ungeniambia nicheze na goti hili mpaka livunjike, ningecheza. Lakini jina langu halikuwa kwenye orodha yako."

Nguchiro akaja, hana machozi tena. "Bwana Mwenyekiti, miaka saba watoto wetu wanakunywa tope. Hukuuliza hata mara moja kama wamefika salama." Kisha akawaita wadogo, nao wakashuka majini wakipiga kelele, pelele, panya buku, kindi, chubwi! chubwi! chubwi!

Bi Kiboko hakumlaumu mumewe. Alichota matope mabichi akampaka Tope mgongoni, tabaka mbili, ili yamtoshe njiani. Kisha wote watatu wakaanza safari ya vilimani, jua likiwa utosini.

Anayehesabu shingo asizowahi kuziona zikicheza huhesabu vibuyu.

Nanyi wanangu, nawaombeni mkumbuke jambo moja tu: siku mgeni mzuri atakapokuja, mkaribisheni, mpeni chakula, lakini msimwondoe kitini yule aliyewachezea na goti lililovimba.