Kamba za Rangi Tatu

Mganga anaweza kukitibu kijiji kizima, lakini siku akiumwa yeye, mkono humtetemeka, dawa humchanganya, na humwuliza mkewe mzizi alioutafuta na kuuchimba yeye mwenyewe ni wa nini. Hiyo ndiyo maana ya wahenga kusema kwamba mganga hajigangi. Anayebisha asiende mbali. Asikilize tu yaliyoifika ofisi ya Mzee Rula.

Ofisi hiyo ilikuwa ya wasanifu wa majengo. Katika mkoa ule ilikuwa vigumu mtu azaliwe, asome, augue au ashtakiwe bila kupita chini ya paa walilolichora wao. Mzee Rula aliianzisha akiwa kijana mwembamba kama penseli, katika chumba cha uani nyuma ya duka la saruji, na meza yake ya kwanza ilikuwa mlango uliolazwa juu ya makreti. Kazi ya kwanza ilikuwa zahanati. Wenzake walioitaka kazi hiyo waliuliza vinatakiwa vyumba vingapi, wakaondoka. Yeye aliketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa kutwa nzima, asiseme neno, akaona kina mama wote wanagombea ukanda mmoja wa kivuli ukutani. Akachora baraza pana kuliko vyumba vyenyewe. Sifa zake zikaenea kama moshi wa kuni mbichi, na baada ya zahanati zikafuata shule, masoko, stendi ya mabasi na mahakama.

Tangu hapo ikawa kanuni ya ofisi: kabla ya kugusa penseli, kaa kimya umtazame mteja. Mzee alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba mdomo wa mteja husema anachotamani, ila miguu yake husema anachohitaji.

Jina la Rula alilipata kwa sababu ya rula iliyokaa katika mfuko wa shati lake hata harusini. Inasemekana harusi moja watu walipokuwa wakicheza, yeye alikuwa akipima mlango wa ukumbi. Alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, mhandisi aliyeitwa Nondo, kwa kuwa kwake yeye hata banda la kuku halisimami bila chuma. Wa tatu alikuwa binti yake Mzee, msanifu kijana aliyebatizwa jina la Vioo. Huyo ukimwachia, hata choo angekijenga kwa kioo.

Pamoja na sifa zote hizo, ofisi yenyewe ilikuwa aibu tupu. Ilikuwa nyumba kuukuu ya kupanga. Siku za mvua walichora mapaa ya watu huku beseni likipokea matone katikati ya meza. Mteja akilitazama lile beseni, Mzee humwambia kwamba hiyo ni nyumba ya mwenyewe bwana, wao ni wapangaji tu.

Siku moja mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Hapo wakakumbuka kile kiwanja walichopewa na halmashauri zamani, ambacho hadi sasa kilikuwa kimestawisha nyasi na ahadi. Afisa ardhi akaja mwenyewe kuwaonya: kama msingi haujasimama kabla mvua hazijarudi, kiwanja atapewa mwingine. Bila kiwanja, ofisi ingesambaratika. Nondo alikuwa ameshaitwa na kampuni ya mji wa pili, naye Vioo alikula kiapo kwamba hatachora sebuleni kwa baba yake, kati ya makochi na televisheni.

Mzee Rula alicheka mpaka rula ikamdondoka. Waliochora mahakama washindwe kujichorea kibanda?

Wakashindwa.

Mzee alichora chumba chake kikubwa ghorofani, chenye mlango mzito. Nondo akaongeza nguzo nene kama mashina ya mbuyu, halafu akajipa chumba chake mbali na kelele za Vioo. Vioo naye akaifuta ghorofa, akaweka ukuta wa kioo, na kujitengea pembe mbali na vumbi la makabrasha ya baba yake mdogo. Kila mmoja alipokuwa hayupo, wenzake walirekebisha kidogo. Mlango wa mbele ulilala mashariki ukaamka kaskazini. Ngazi zilipanda zikafika kwenye dari lisilo na ghorofa. Hatimaye hakuna aliyejua ni mchoro upi ulio wa mwisho, na kila aliyeulizwa aliapa ni wa kwake.

Mambo yakahamia kiwanjani. Fundi mkuu alikuta vigingi vimepigwa mara tatu na kamba zimevutwa kwa rangi tatu: ya bluu ya Mzee, nyekundu ya Nondo, njano ya Vioo. Alizitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha ya ndege, kisha akauliza kwa adabu.

"Mzee, nichimbe ya bluu, nyekundu au njano?"

Mzee alivuta hatua kwenda kuonyesha, akajikwaa kwenye kamba yake mwenyewe, akaanguka, akainuka, akajifuta magoti.

"Chimba ya bluu," alisema. "Ila isogeze ilipo ya njano. Na nyekundu usiiguse."

Fundi mkuu akaketi juu ya toroli lake. Kuanzia siku hiyo wakawa wanachimba asubuhi, wanafukia jioni. Afisa ardhi alipopita alitaka kujua kama hapo inajengwa ofisi au utando wa buibui. Alisema akicheka, lakini macho yake yaliangalia juu, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Jioni hiyo walikaa watatu kuzunguka meza, wamechoka kwa kubishana. Vioo ndiye aliyeuliza.

"Baba, kwani hapa mteja ni nani?"

Walitazamana kama watu waliopoteza ufunguo mmoja, kila mtu akidhani mwenziwe anao. Mzee akainuka, akachungulia dirishani, akaiona ofisi iliyokuwa ng'ambo ya barabara.

Ofisi hiyo ilikuwa ya msanifu mmoja mwanamke waliyemwita Swali. Alikuwa mwanafunzi wa Mzee zamani. Siku moja alimwuliza mbele ya mteja kwa nini madirisha yale yawe madogo, na Mzee kwa hasira akamwambia akaulizie kwingine. Akaenda kwingine kweli, umbali wa barabara moja. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa kutikisa vichwa. Kwa Mzee, kuivuka barabara ile kulikuwa kugumu kuliko kumeza tofali. Hata hivyo alivuka, maana mawingu hayana simile.

Mlango wa Swali ulifunguka nusu, ukagonga meza. Mzee alilazimika kupenya kwa ubavu.

"Shikamoo, Mwalimu," Swali alisema, akiinuka.

"Marahaba. Mlango wako unagonga meza."

"Najua. Nitaurekebisha."

"Unagonga tangu lini?"

"Tangu nihamie."

Mzee alimweleza shida yake yote, kamba kwa kamba. Swali hakucheka, ingawa mashavu yake yalifanya kazi kubwa. Alikubali kuchora, kwa sharti moja: angekuja na kiti chake, angekaa kutwa, na asisemeshwe na mtu.

Kesho yake alikuja, akaketi pembeni. Kwanza ofisi nzima ilichanganyikiwa, kwa sababu hawakuwa wamewahi kutazamwa. Nondo alizunguka na kabrasha lile lile bila kujua alipeleke wapi. Vioo alichonga penseli ikaisha. Mzee alikwenda kumwelekeza Swali anavyotaka chumba chake kiwe, naye akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha kama mtoto aliye msibani. Ilipofika adhuhuri wakamsahau, na kazi ikaendelea kama kawaida yake.

Jua lilipokaribia kuzama, Swali aliomba aonyeshwe chumba cha Mzee. Mzee akakifungua kwa fahari. Kiti kilikuwa kimebeba mabunda ya ramani, na vumbi lake lingeweza kuotesha mchicha.

"Nani anakaa humu?" Swali aliuliza.

"Mimi."

"Leo ulikaa wapi?"

Mzee aligeuka akatazama kule mlango wa mbele. Kutwa nzima alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya birika la chai, karibu na mlango wa mbele, na kila aliyepita na mchoro alisimama hapo akamwonyesha. Ndivyo alivyofanya miaka yote. Swali aliwageukia wale wengine wawili. Alisema Nondo ana meza yake, lakini kazi yote ameifanyia kwenye meza ya Vioo, wakigombana na kukubaliana, wakigombana na kukubaliana.

"Mmejichorea kuta za kutengana," alisema, "na kutwa nzima mmekaa meza moja."

Nondo alijikuna shingo.

"Lakini mbona mimi sikuona?" Mzee aliuliza kwa sauti ndogo. "Kanuni hii si niliwafundisha mimi?"

"Ungeonaje, Mwalimu? Safari hii wewe ndiye uliyekuwa wa kutazamwa."

Mchoro wa Swali ulikuwa wa jengo la chini: ukumbi mmoja, meza moja ndefu, baraza pana, na pembe ya birika karibu na mlango, yenye nafasi ya kigoda. Mzee aliutazama kwa muda, akachomoa rula, akataka kuusogeza mlango kidogo, kidogo tu. Swali hakubisha. Alinyoosha kiganja. Mzee akampa ile rula, taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Fundi mkuu alizikunja kamba za rangi tatu akazitupa, akavuta moja nyeupe. Msingi ukasimama, na tone la kwanza la mvua likakuta zege limeshakauka. Afisa ardhi alizunguka jengo akitafuta la kuchekea, akalikosa, akaondoka. Walipohamia walilibeba na lile beseni kwa mazoea. Mvua ikanyesha, beseni likakaa katikati ya meza mpya likiwa kavu, likishangaa.

Kabla kiangazi kilichofuata hakijaisha, Swali akavuka barabara na bunda la ramani kwapani, macho mekundu. Alitaka kuipanua ofisi yake. Alikuwa ameichora hadi stoo ikazunguka nyumba nzima, na sasa alikuwa akiota ngazi. Aliirudisha ile rula mezani.

Mzee Rula hakulifungua lile bunda. Alimwambia aende akafanye kazi zake kama kawaida, na yeye Mzee atakapokuja kukaa, asimsemeshe. Asubuhi yake alivuka na kigoda mkononi, akapenya kwa ubavu kwenye ule mlango ambao bado uligonga meza, akaketi, akanyamaza, akatazama. Basi aliyekuwa akibisha na anyamaze naye: mganga hajigangi.