Pimbi, Kiboko na Flashi ya Korongo

Nikisema bonyeza, nyinyi semeni imewaka. Anayesinzia huko nyuma tutamwacha hukohuko.

Bonyeza!
Imewaka!
Jiwe la pimbi?
La kuotea jua!
Maji ya kiboko?
Ya kwake peke yake!
Na ngano je?
Ya kila mtu!

Haya, chukueni.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana wanyama walishakuwa na laptop, palikuwa na jabali kubwa kando ya bwawa. Jabalini aliishi Pimbi. Mdogo, mnene kiasi, hana mkia, ana digrii. Mkia hakuzaliwa nao. Digrii aliisotea miaka minne, akaipata, akaitundika pangoni, na tangu siku hiyo inamtazama naye anaitazama. Kazi hakupata. Aliishi kwa kuwaandikia wenzake barua na kuwajazia fomu kwenye laptop kuukuu, bawaba imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Laptop hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake. Siku isipowaka, Pimbi analala na njaa.

Bwawani aliishi Kiboko. Kiboko ndiye aliyewawekea wanyama wote mfumo ndani ya kompyuta zao, na funguo za mfumo alikaa nazo yeye. Akitaka kompyuta yako ilale, inalala. Akitaka ipige apdeti katikati ya kazi, inapiga apdeti, nguru nguru nguru, nawe umekaa pale umekodoa macho kama mtu aliyenyang'anywa kijiko. Majani ya ukingo wote alikuwa ameshayala. Bado alijiona ana njaa.

Jumatatu moja Kenge, tarishi wa Kiboko, akapita akibandika tangazo kwenye kila mti. Tangazo lilisema, with immediate effect, kila kompyuta iliyopita masika matano imekufa. Hata ikiwa inawaka, imekufa. Siku ya Ijumaa, jua likifika utosini, kila mmoja alete mzoga wake bwawani uzamishwe, kisha apige magoti kuomba kompyuta mpya kwa Mheshimiwa, kwa masharti ya Mheshimiwa.

Wanyama wakakimbilia makwao. Kobe akabonyeza, kioo cheusi tii. Kanga akabonyeza, kioo cheusi tii. Nungunungu akabonyeza, kioo cheusi tii. Pimbi akabonyeza, kioo cheusi tii, na chini yake maneno meupe: mashine hii imepitwa na wakati. Humo ndani mlikuwa na barua za watu saba ambazo hazijatumwa. Akaitazama digrii ukutani. Digrii ikamtazama.

Sasa, wiki hiyo Korongo alikuwa mgeni wa Pimbi. Alitua na bawa limeteguka, safari yake ndefu haijaisha, na Pimbi akampa pango la chini bila hata kumwomba kitambulisho. Alhamisi bawa likapona. Korongo akachokoa manyoya yake, akatoa flashi ndogo kama haragwe, akaichomeka kwenye laptop ya Pimbi, akamwambia abonyeze.

Ting. Kioo kikawaka. Na katikati ya kioo kuna picha ya ndege mnene, mweusi, tumbo jeupe, kakaa kama aliyeshiba harusini.

Pimbi akauliza kama huyo ni ndugu wa damu wa akina Korongo. Korongo akasema hapana, hata yeye hajawahi kumwona, anasikia tu kwamba anaishi kwenye barafu. Lakini mfumo wenyewe unaitwa Linux. Haufungwi na mtu, na desturi za wenye nao ni mbili. Ukiwa nao, usimnyime anayeuomba. Na mgeni akija kuupokea, asimame mbele ya wote aseme kwa nini amehama, nao wamjibu: karibu, keti, uliza.

"Nikiichomoa hii flashi je?" Pimbi akauliza.

"Ukiichomoa sasa hivi, kompyuta inakufa tena, maana hapo umeazima tu," Korongo akasema. "Ukitaka uwe wako, ruhusu uingie ndani. Flashi itapepesa taa yake, pepe pepe pepe. Usiiguse mpaka taa itulie. Ikitulia, ulichokuwa nacho kwenye flashi kimo ndani ya kompyuta pia, na kutoka hapo unaweza kumgawia hata jirani yako. Flashi yenyewe katupe ukitaka."

Akakunjua mabawa, akaenda zake.

Jioni ile Pimbi aliunda Kundi la Linux la Jabalini. Mwenyekiti Pimbi, katibu Pimbi, mwanachama Pimbi. Akapeleka habari kwa waliofiwa na kompyuta: njooni Ijumaa asubuhi, njooni na mizoga yenu, njooni na sababu zenu. Kenge naye akasikia. Akateleza mpaka bwawani, akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba jabalini kuna flashi inayofufua.

Ijumaa asubuhi wageni walikuwa watatu, Kobe, Kanga na Nungunungu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameketi vizuri. Ndu. Ndu. Ndu. Vijiwe vikaporomoka. Kiboko akatokeza, matope bado yanamchuruzika.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Pimbi.

"Iko wapi?"

Pimbi hakuificha. Angeificha wapi, na mwili wenyewe ni ule? Akaiinua kiganjani, wote wakaiona. Kiboko akasema anaichukua hiyo, na mizoga anaichukua pia, na jua halijafika hata utosini, yeye anawahi tu.

Pimbi akajikuna sikio. "Mheshimiwa ana haki ya vyote. Mimi nashangaa jambo moja dogo. Ukichukua mizoga, utajaza bwawa lako mabati na utalalia kibodi. Ukichukua kinachofufua, mizoga ikabaki kwetu, kila asubuhi tutakuwa hapo ukingoni kwako kwa magoti. Lakini mimi ni pimbi tu, najua nini."

Kiboko akafikiri. Alikuwa anafikiri polepole, unayaona mawazo yakitembea usoni. Akaona magoti ya kila asubuhi. Akaona foleni. Akacheka mpaka Kanga akadondosha unyoya.

"Flashi yangu. Mizoga yenu," akasema.

"Na Mheshimiwa hatabadilika kesho?"

"Nikibadilika, bwawa langu likauke."

Basi ameapa, mmesikia, na jabali limesikia. Akanyoosha domo achukue. Pimbi akasema samahani, bado kuna desturi. Flashi haitoki mkononi mwa kundi mpaka wageni waseme kwa nini wamehama. Anayesema ndiye anayeichomeka. Na kwa vile waliohama wote wamemhama Mheshimiwa, watakuwa wanamsema yeye tu, mwanzo mpaka mwisho.

"Mimi?" akauliza Kiboko.

"Wewe tu."

Kiboko akaketi. Puu.

Akatangulia Kobe. Akafungua kompyuta yake, kioo kinamtazama yeye, mgongo wa kompyuta unawatazama wengine. Akachomeka flashi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kama Pimbi alivyomwelekeza sikioni. Pepe pepe pepe. Kiboko akaona taa inapepesa, akadhani ni urembo. Maisha yake yote hajawahi kutengeneza kompyuta ya mtu. Alichojua ni kufunga.

"Mimi ni Kobe. Nimehama," akaanza Kobe, akapumzika. Akaendelea kwamba kompyuta yake ina masika tisa, yeye mwenyewe ana mia moja na kumi. Kama mashine ya masika matano imekufa, basi yeye alipaswa kuzikwa enzi za babu yake Kiboko. Akapumzika tena. Akaeleza tangu aliponunua, nani alimpunguzia, siku hiyo kulikuwa na mawingu gani. Taa ikatulia. "Nimehama kwa sababu ya Kiboko."

Wote wakajibu: karibu, keti, uliza. Kobe akauliza kama inafaa kwa wazee. Wakamwambia inafaa.

Akaja Nungunungu. Akachomeka. Pepe pepe pepe. "Mimi ni Nungunungu. Nimehama." Akasema mfumo wa Mheshimiwa ulimwuliza analala wapi. Akaendelea kuandika, akidhani ni bahati mbaya. Ukamwuliza anakula nini, anatoka saa ngapi, anarudi na nani. Anaandika barua ya rambirambi, unamletea tangazo la mafuta ya kupaka miiba. "Mimi, Nungunungu, nimwambie mtu nalala wapi? Mama yangu mzazi hajui." Taa ikatulia. "Nimehama kwa sababu ya Kiboko."

Karibu, keti, uliza. Nungunungu akasema hana swali, na wao wasimwulize pia.

Kiboko alikuwa anatabasamu. Kusemwa nako ni aina ya kuimbwa, ukiwa na ngozi ile.

Akaja Kanga, na hapo pakawa na kazi, maana Kanga husema haraka na kompyuta yake huenda pole. Akachomeka. Pepe pepe pepe. Akasema yeye ni Kanga amehama kwa sababu alianza kuandika orodha ya mayai yake, apdeti ikaingia, ikamwambia tafadhali usizime, akasubiri, mayai yakaanguliwa, vifaranga vikaota manyoya, vikaruka, apdeti iko asilimia saba. Akamaliza. Taa bado inapepesa. Kiboko akainua kichwa.

"Vifaranga wenyewe majina yao nani?" Pimbi akauliza haraka.

Kanga akawataja wote kumi na sita, na nani anafanana na nani, na yupi ana tabia ya baba yake. Kwenye wa kumi na tano taa ikatulia. "Nimehama kwa sababu ya Kiboko." Karibu, keti, uliza.

Akabaki Pimbi, maana mwenyeji husema mwisho na hupokea mwisho. Akachomeka flashi kwenye laptop yake ya bawaba ya mpira. Pepe. Ikapumzika. Pepe. Laptop ile ilikuwa nzito kuamka kuliko zote, na jua limekaribia utosini, na Kiboko amesimama.

"Imetosha," akasema. "Lete."

"Mimi ni Pimbi. Nimehama," Pimbi akasema. "Nina digrii. Nimeomba kazi mara arobaini na moja, na majibu yote nayajua kwa kichwa. Mheshimiwa aniruhusu niyasome, moja ni la kwake."

Kiboko akasita. "La kwangu lipi?"

"Tutalifikia."

Akaanza. Jibu la kwanza: tunasikitika kukujulisha. Wanataka mtu asiyezidi miaka ishirini na tano mwenye uzoefu wa miaka kumi. Jibu la pili: tunasikitika kukujulisha. Nafasi ilitangazwa Jumanne, ilijazwa Jumatatu. Jibu la tatu: tunasikitika. La nne: tunasikitika, ila njoo ujitolee, chai utakuja nayo. Kwenye la tisa Kobe alikuwa anatikisa kichwa. Kwenye la kumi na nne wanyama wote walikuwa wanaitikia pamoja naye, tunasikitika kukujulisha, jabali zima linavuma, na taa inapepesa. La ishirini. La thelathini. Kiboko akapiga mwayo, domo wazi, wote wakaona mpaka alichokula Jumatano.

"La arobaini na moja," akasema Pimbi, na sasa hakuwa anachekesha. "Ofisi ya Bwawa. Niliomba kazi ya kusaidia watu ambao kompyuta zao zimegoma. Tunasikitika kukujulisha kwamba huna uzoefu wa miaka mitano wa kukaa majini. Sahihi, Kiboko. Hukuisoma barua yangu, Mheshimiwa. Ungeisoma, leo ungejua hiyo taa inafanya nini."

Taa ikatulia.

"Nimehama kwa sababu ya Kiboko." Akaichomoa flashi, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Kiboko hata hakusikiliza. Akaitupa kinywani. Glup. Akasema basi, Linux imekufa, iko tumboni, na kesho asubuhi anataka kuona magoti.

"Jamani," Pimbi akasema, "washeni."

Kobe akabonyeza. Ting. Nungunungu akabonyeza. Ting. Kanga akabonyeza. Ting. Pimbi akabonyeza, wakangoja, wakangoja, ting. Ndege wanne wenye matumbo meupe wakamtazama Kiboko.

Kiboko akajipapasa tumbo. "Lakini ninayo. Nimeimeza."

"Unayo kweli, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Na sisi tunayo."

Hilo ndilo lililomshinda. Akahesabu kwa kichwa, moja, moja, haikuja sawa. Angezikanyaga zile laptop, lakini alikuwa ameapa, na bwawa lake lilikuwa linaonekana pale chini, maji yanametameta. Akashuka. Ndu. Ndu. Ndu. Mpaka leo ukimwona kiboko majini anaachama domo lote, anafunga, anaachama tena, ujue anajaribu kuona flashi ilielekea wapi.

Barua saba za Pimbi zikaenda siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata wageni wakawa ishirini, kisha wakaja hata wa ng'ambo ya mto, kila mmoja na sababu yake, na Pimbi akawa anawafundisha wote, analipwa kwa mihogo, kwa asali, kwa heshima. Mihogo ilimpendeza zaidi.

Masika yakapita. Kompyuta ya Kiboko mwenyewe ikatimiza matano. Akabonyeza, kioo cheusi tii: mashine hii imepitwa na wakati. Na funguo za kufungulia kompyuta zote za msitu, je, alizihifadhi wapi? Humohumo ndani.

Ndu. Ndu. Polepole safari hii. Akapanga foleni jabalini nyuma ya panya wawili. Zamu yake ikafika.

"Jina," akasema Pimbi.

"Si mnanijua."

"Desturi, Mheshimiwa."

"Mimi ni Kiboko. Nimehama." Akatazama juu. Akatazama miguu yake. Akamtazama Kobe, Kobe hakumsaidia. "Nimehama kwa sababu ya Kiboko."

Jabali zima likajibu: karibu, keti, uliza.

Akaketi. Puu. Swali lake lilimchukua muda. "Ile flashi," akauliza, "mnaihitaji niirudishe?"

"Kaa nayo tu," akasema Pimbi. "Sisi tunayo."

Funzo, maana bila funzo mtasema sikufanya kazi. Mkubwa akikwambia kitu chako kimekufa, kizike mwenyewe na umshukuru. Ukipata kizuri, kimeze upesi kabla wenzako hawajakionja. Na wewe mwenye digrii, usiwe na mdomo mrefu. Kaa kwa utulivu karibu na simu. Watakupigia.

Ngano yangu nimewapa, bado ninayo. Sasa zima!
Haizimiki!