Maini ya Funo wa Kapela

Hapo zamani, enzi ambazo funo mmoja, yule paa mdogo wa vichakani, alilisha ukoo mzima pamoja na majirani wenye tamaa (anayebisha asimulie yeye), aliishi mwindaji Kapela na gobore lake. Gobore lilikuwa refu kuliko Kapela, na maneno ya Kapela marefu kuliko gobore.

Nyumba ile ilikuwa na sheria. Gobore haliingii uani likiwa na baruti. Fataki, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyowasha baruti, hukaa kwenye pindo la kanga ya mkewe, Nyamizi. Na watoto? Siku moja Kapela alilivika boga kofia yake, akalipiga mbele yao. Boga likawa uji. Kofia haijapatikana hadi leo.

"Mmeona? Boga lina ganda, nyie mna ngozi tu. Mkilikuta gobore, msiguse, ondokeni, iteni mkubwa!"

Sheria ya mwisho ilikuwa tamu. Maini ya funo wa kwanza wa msimu hayagawanywi. Huliwa na mmoja tu, aliyeilinda nyumba. Naye akishayala, msimu mzima ndiye humsimamisha Kapela uani kulikagua gobore: "Fungua tuone!" Asiporidhika, mwindaji hanywi hata maji. Miaka yote mlaji alikuwa Nyamizi.

Msimu ule Kapela akarudi mchana, funo begani. Gobore alikuwa amelishindilia upya njiani, eti huenda angekutana na mwingine. Uani akamkuta shemeji yake Nkwabi, kaka wa Nyamizi, amekuja kutembea na mwanawe Tungu. Basi! Mgeni, funo, na mdomo ule!

"Shemeji, nilimpiga anakimbia, upepo unanipinga, jicho moja limejaa mchanga!"

"Na la pili ulikuwa umelifumba, shemeji?"

Wakacheka. Katika kucheka, Kapela akaliegemeza gobore kwenye kihenge cha mahindi, baruti ndani, fataki juu, akaingia barazani na mgeni.

Nyamizi aliona. Akainua nyundo ya gobore taratibu, akabandua fataki, akaifunga pindoni, nyundo ikabaki imeinuka. Lakini hakusema neno. Alitaka mumewe akumbuke mwenyewe, ili amcheke mbele ya kaka yake. Akaenda zake kuchuna funo.

Tungu, ambaye kwao hakuna gobore hata la kuchora, akalibeba. Mdomo wa gobore ukazunguka ua, ukawapita kuku, ukawapita watoto, ukatua kifuani kwa Mhoja, mwana wa Kapela.

Limi, dada yake Mhoja, akatupa ungo. Hakugusa, hakubishana. Akawakumba wadogo wawili, mmoja mgongoni, mmoja kwapani, mbio barazani: "Baba! Gobore lina mtu!"

Mhoja hakuondoka.

"Wee Tungu! Unalishika hujaliamkia? Likikasirika hung'oa meno! Lielekeze porini, lilaze, upige magoti."

Tungu akageuza mdomo wa gobore porini, akalilaza, akapiga magoti. "Shikamoo, gobore."

Katika kulilaza, kidole kikavuta. Nyundo ikaanguka: ka!

Gobore halikulia. Fataki ilikuwa pindoni kwa Nyamizi. Kapela akafika, akakaa vumbini akiwakumbatia Mhoja na Tungu.

Jioni maini yakawa yanachuruzika mafuta juu ya makaa, kila mtu yu mzima, kila mtu ana njaa.

"Yangu hayo," Nyamizi akasema. "Ningeiacha fataki, saa hizi tungekuwa tunachimba kaburi, si kuchoma nyama."

"Lakini mama, gobore uliliacha palepale ili umcheke baba," akasema Limi. "Mimi nilifanya yote tuliyofundishwa. Niliwatoa wadogo, nikawaita wakubwa."

"Mimi ukaniachia mdomo wa gobore!" Mhoja akadakia. "Nani aliugeuza?"

"Uliambiwa uondoke, hukuondoka! Tena kidole kilivuta ulipomwambia alilaze."

"Hata lingelia, lingelia porini."

"Na Tungu wangu?" Nkwabi akauliza. "Si ndiye pekee aliyeliamkia kwa heshima?"

Wakacheka hadi Nyamizi akafuta machozi kwa pindo lile lile la fataki. Kapela akakohoa. "Na mimi niliyepasua boga..."

Wote wakamgeukia. Akameza maneno yaliyobaki. "Haya, mimi nitakula mlenda."

Akayatoa maini motoni, akayashika kwenye kijiti. Akamtazama mkewe, akamtazama binti, akamtazama mwana. Alijua hagawi nyama tu. Anachagua wa kusimama kati ya gobore lake na nyumba yake.

Haya, nyie mnaomeza mate hapo, maini yanapoa. Kesho Kapela akirudi kutoka porini, nani asimame uani amwambie, "Fungua tuone"?