Konokono wa Awiti

Mtu mwenye jipu pabaya akiona haya kumwonyesha daktari, atalala kifudifudi hadi lipasuke. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai, yaani anayeficha shida yake hapati wa kumsaidia. Awiti aliijua methali hii vizuri. Shuleni aliwahi kuiandikia insha akasifiwa mbele ya darasa, lakini methali ya insha haiumi.

Mwaka wa 1974 wanawake wenye shahada ya biolojia jijini Nairobi walikuwa wachache kama meno ya kuku. Awiti alikuwa mmoja wao. Alizaliwa ukingoni mwa ziwa, ambako kichocho kilimdhoofisha mdogo wake Were hadi akaacha shule. Tangu hapo aliapa kutafuta dawa ya kuwaangamiza konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Chuo kilimpa chumba na matangi ya vioo, fedha hakikumpa. Tumaini lake lilikuwa ruzuku iliyotolewa kila mwaka kwa wanasayansi wanawake waliokuwa ndio kwanza wanaanza kazi. Akiikosa, chumba angepewa mwingine, naye angerudi kufundisha sekondari.

Sharti la ruzuku lilikuwa kuonyesha konokono waliozaliwa humo humo maabarani, na konokono wa Awiti walikuwa wakifa ovyo. Alibadilisha chakula, akasugua matangi, akalia, lakini hakumwuliza mtu. Alichelea wanaume wa idara waseme, "Si tuliwaambia? Wanawake hawa!" Kila walipomjulia hali alijibu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Juma la ukaguzi lilipowadia, matangi yalikuwa matupu. Aliyejua ni Nyokabi tu, rafiki aliyepanga naye nyumba Ngara.

"Si uende ile bwawa ya Kangemi ujaze ndoo?" Nyokabi alimwambia huku akisonga ugali. "Konokono ni konokono. Nani atawaitisha kipande aone walizaliwa wapi?"

Awiti alicheka, kisha akaenda.

Mkaguzi alikuwa Daktari Nzula, mama wa makamo aliyebobea katika utafiti wa konokono. Ofisi yake ilikuwa papo hapo mjini. Alipoona matangi yamejaa, uso ulimchanua.

"Umejikaza, msichana wangu! Hawa wote wamezaliwa hapa?"

"Ndiyo, Daktari."

Nzula akakunja mkono wa blauzi. Konokono waliozaliwa maabarani hawana ugonjwa, hivyo watafiti huwashika kwa mkono mtupu. Wa bwawani ni balaa, kwani maji yao huweza kuwa na vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi. Awiti mwenyewe alivaa glavu alipowaokota. Aliutazama mkono ule ukishuka kuelekea majini, akamkumbuka Were, na hofu ikamshinda.

"Usiguse, mama! Ni wa bwawani!"

Akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Nzula aliurudisha mkono wa blauzi polepole.

"Na wako walikufaje?"

"Wakikaa kidogo wanalegea tu, halafu wanakufa. Chakula wanacho, matangi ni safi."

"Bomba za maji hapa ni za nini?"

"Za shaba. Waliweka mpya mwaka jana..." Awiti akaziba mdomo. Shaba ni sumu ya konokono, na yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi hivyo.

"Hata mimi wangu waliisha hivyo hivyo," Nzula akasema. "Ungekuja kwa ofisi uniulize, tungemaliza hii maneno na kikombe ya chai. Sasa ruzuku ya mwaka huu siwezi kukupa. Umenidanganya nikikuangalia."

"Nimekosa, mama."

"Kwangu Lavington kuna pipa ya maji ya mvua. Kuja uchote. Na konokono wachache nitakupa."

Awiti alirudi kufundisha sekondari, na uchungu wake haukuwa mdogo. Jioni alifuga konokono jikoni kwake Ngara, Nyokabi akinung'unika kwamba hana pa kuweka sufuria. Hawakufa. Walitaga, mayai yakaanguliwa, nao watoto wao wakataga. Alipoomba ruzuku tena, Awiti alianza kwa kueleza jinsi wale wa kwanza walivyokufa na jinsi alivyodanganya.

Alipewa. Lakini chumba chake chuoni kilikuwa na mwenyewe, na mwaka aliopoteza hakuna aliyeweza kumrudishia. Wahenga hawakumwonea mtu waliposema: mficha uchi hazai.