Ndoo ya Mwenyekiti Kobelo

Usiipite hii. Isome kwanza, ndipo umrushie mwenzako.

Kijiji kimoja cha wakulima wa nyanya kilikuwa na kisima, na kisima kilikuwa na ndoo moja tu ya kuchotea. Aliyeitoa ni mwenyekiti, Mzee Kobelo. Alikata dumu la dawa ya kuua wadudu, akalisuuza, akalifunga kamba, kisha akalizindua kwa hotuba ndefu kuliko kamba yenyewe.

Haukupita muda, watu wakaanza kutapika. Matumbo yanasokota, vichwa vinazunguka. Mzee Kobelo akawa hakai, hatulii.

"Kisima kimeingiliwa," akasema. "Kifukieni, tuchimbe kingine."

Wakachimba. Maji yakatoka safi. Wakahamishia ndoo. Wakatapika.

Wakachimba tena, sasa wanatazamana kwa jicho baya. Huyu anamshuku jirani, yule anamshuku mama mkwe. Maji yakatoka safi. Wakahamishia ndoo, safari hii kwa ngoma. Wakatapika wote, mpiga ngoma akiwemo.

Mjukuu wa mwenyekiti naye akalegea, hata shingo haishiki. Mama yake, Sikujua, akambeba mpaka kisimani, ambako mzee alikuwa anatafuta pa kuchimba tena.

"Baba, mtoto anakwisha. Tutachimba mpaka lini?"

"Mpaka tupate maji yasiyo na ubaya, mwanangu. Hapa kila kitu kimeharibika. Kilichobaki kizima ni ndoo yangu tu. Itazame. Haijaota hata ukungu. Nzi hatui, mbu hazai humo, sisimizi wanaizunguka kwa mbali kama wamekatazwa."

Sikujua akaitazama ndoo. Akamtazama mzee.

"Baba, nzi anaogopa nini?"

Mzee akaigeuza ndoo taratibu. Ubavuni, fuvu lililochorwa kwenye dumu lilikuwa linamchekea, kama lilivyomchekea tangu siku ya uzinduzi.

Akaikata kamba.

"Jamani," akasema kwa sauti ndogo, "nani ana sufuria? Na mwenye pikipiki amuwahishe mtoto zahanati."

Mtoto alipona. Ndoo ikarudishwa kwa muuza dawa, bila hotuba.

Funzo: Dumu lililobeba sumu halioshwi likawa la maji ya kunywa, na kabla hujafukia kisima cha watu, chungulia kwanza ndoo uliyowapa wewe.