Mkomamanga wa Bi Kiboko

Kaeni chini nyote. Aliyeng'oa mchaichai wangu hamtaki kumtaja, basi tulieni mnisikilize, na atakayecheka ovyo atakwenda kunichotea maji.

Hapo kale, kale ile wanyama walipokuwa na nyumba na ua na majirani wa kuwasema, aliishi Bi Kiboko. Uani kwake kulijaa mimea: mrehani, mchaichai, mlangilangi, na nyuma kabisa, karibu na bafu, mkomamanga uliokunywa maji ya kuogea miaka yote ukanenepa. Chini ya mkomamanga huo aliishi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na wanawe wawili waliozaliwa juzi. Mwewe alikuwa akizunguka juu kutwa, anawatafuta. Kilichowaficha ni yale matawi tu.

Siku moja ikaja habari kwamba Bi Tembo, somo yake Kiboko, yule aliyemfunda alipoolewa, atakuja kumtembelea Ijumaa baada ya miaka mingi.

Kiboko akatoka uani, akatazama huku na huku, akasonya. Nyoo!

"Somo yangu aje aone majani haya haya ya tangu nilipoolewa? Nayang'oa yote. Nataka mimea mipya, ya mbali."

Sange akatoka mbio. "Shikamoo, bi mkubwa. Huo mkomamanga..."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila aliyeupanda mkomamanga huo ni..."

"Wewe pua, nyamaza. Nina kazi."

Sange akajaribu mara ya tatu. Kiboko akaanza kuimba ili asisikie. Mtu mzima, jamani, anaimba ili asiambiwe! Watu wa namna hiyo wananichosha mimi, na humu ndani wamo.

Sange akawatazama wanawe, akamtazama Mwewe. Akabadili sauti.

"Bi mkubwa, nina ndugu zangu ng'ambo ya mlima, mafundi wa bustani. Mimea ya mbali nitakuletea mimi. Lakini hii ya zamani iondoke kabisa. Ukibakiza mzizi mmoja tu, utachipua mbele ya somo yako, uumbuke."

"Niumbuke mimi?"

"Basi chimba mbali na shina, uende chini sana, uinue mmea na udongo wake wote. Na usiutikise, mizizi isije ikadondoka."

Kiboko akachimba. Ku! Ku! Ku! Jasho likamtoka, tope likamfika masikioni. Mrehani ukatoka, mchaichai ukatoka, mlangilangi ukatoka, na mwisho mkomamanga, kila mmoja na bonge la udongo wake, hakuna mzizi uliokatika. Akaibeba yote mwenyewe mpaka nje ya mlango wa nyuma, kisha akaenda mtoni kujitosa.

Huku nyuma Sange hakukaa. Akapunguza matawi makavu, akaosha vumbi kwenye majani, akafunga magunia mizizini. Wanawe akawaficha ndani ya gunia la mkomamanga.

Kiboko aliporudi akamkuta mlangoni. "Mizigo yako imefika, bi mkubwa."

"Upesi hivi?"

"Ndugu zangu wana mbio."

Kiboko akauzunguka mkomamanga, akanusa. "Mbona unanukia kama ule wangu?"

"Wako si ulikuwa kule bafuni? Huu unaonekana wa bafuni?"

"Hata. Huu una heshima zake." Akainama. "Mbona gunia linacheza?"

Sange akasogea mbele ya gunia. "Mimea ya mbali ina uhai mwingi," akasema. "Uwahi kuupanda."

Kiboko akaubeba tena, akaupanda mbele ya nyumba, mkabala na baraza. Mrehani akauweka mlangoni, mchaichai kando ya njia, mlangilangi karibu na dirisha. Lazima niseme kweli, nyumba ilipendeza.

Ijumaa Bi Tembo akafika. Pu! Pu! Pu!

"Karibu, somo. Tazama mimea yangu, yote imetoka ng'ambo ya..."

Hakumaliza. Bi Tembo alikuwa amesimama mbele ya mkomamanga, machozi yanamtoka.

"Huu ni ule niliokupandia siku ya harusi yako," akasema. "Alama hii ya shinani niliichora mwenyewe kwa pembe yangu. Njiani nilikuwa nikijiambia, Kiboko atakuwa ameshautupa. Kumbe umeuweka mbele, kila apitaye auone."

Kiboko akaitazama alama. Akamtazama Sange, aliyekaa chini ya matawi na wanawe, pua inamcheza. Akafungua kinywa, na kinywa cha kiboko mnakijua kilivyo, kisha akakifumba upesi.

"Ndiyo, somo," akasema. "Niliuleta mbele makusudi."

"Usiuondoe tena, mwanangu. Nitakuwa nakuja kuutazama kila mwaka."

"Siuondoi."

Bi Tembo alipokwenda zake, Kiboko akamgeukia Sange, macho yamemtoka. "Karibu niaibike mbele ya somo yangu! Kwa nini hukuniambia kwamba ni yeye aliyeupanda?"

"Nilikuambia mara tatu, bi mkubwa," Sange akajibu. "Mara ya tatu ulikuwa unaimba."

Hadithi yangu imefika mlangoni kwa Kiboko, haiendi mbele: kabla hujang'oa cha zamani kitazame vizuri, na anayetaka kukuambia jambo msikilize. Sasa aliyeng'oa mchaichai wangu akaupande. Nimeuona nyuma ya banda la kuku, na mizizi yake bado mibichi.