Tanuri na Mbeleko

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa moto.
Moto wa nani?
Wa asiyeuharakisha.

Basi sogeeni. Aliye mbali hataota moto, na atakayesinzia, kesho atasimuliwa uongo.

Hapo kale, zamani za mawe kuwa na ulimi, palikuwa na nchi ya juu, nchi ya baridi na ukungu. Watu wake waliyeyusha mawe mekundu wakapata chuma, na kwa chuma wakafua majembe. Tanuri lao lilikuwa la udongo, refu kumpita mtu, nao waliliita Mama. Wanaume walikaa chini yake na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakavukuta moto tangu alfajiri hadi jua kuchwa, mpaka Mama azae.

Kila lilipowashwa, tanuri lilimuuliza mkuu wa mivukuto yeye ni nani. Likiridhika lilizaa chuma. Lisiporidhika lilizaa majivu.

Mkuu wa mivukuto alikuwa mzee Chapewa. Alipofariki, kiti chake kikawa cha mwanawe, Sichilima.

Sichilima alikuwa na mke, Namwela, na binti aliyekuwa hajatimiza mwaka, Lyela. Namwela akienda shambani, Sichilima alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akachoma mkaa huku akiimba:

Lala, Lyela, lala,
mama yuko shambani,
baba yuko hapa.

Basi alikuwepo mwenzake wa rika, Kapele, mtu mwenye ulimi wa kunolewa. Siku ya kwanza Kapele alimuuliza kama ameanza kuota matiti. Siku ya pili alimuuliza atamwachisha mtoto ziwa lini. Siku ya tatu alisema mbele ya wahunzi wote, "Jamani, shemeji Namwela ameoa."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kapele akafuta machozi ya kicheko, akaongeza, "Kiti cha Chapewa ni cha mwanaume, rafiki yangu. Kautafute uanaume, kisha uje ukikalie."

Maneno hayo yalilala na Sichilima, yakaamka naye. Asubuhi ya nne alimkabidhi mkewe mtoto, akaingia ukunguni.

Ukungu wa nchi ile ukikufunika, miguu huenda na ardhi hubaki. Sichilima alitembea kama mtu atembeavyo ndotoni: hakuchoka, na hakufika.

Akaenda, akamkuta Simba amelala juu ya ukungu kama juu ya mkeka.

"Unatafuta nini, mwana wa Chapewa?"

"Natafuta uanaume."

"Umefika. Mwanaume ni ngurumo. Nitakupa yangu, unipe mnong'ono wako. Siku ukiuhitaji utarudi wenyewe, na ngurumo itaondoka."

Sichilima akatoa, akapokea.

Akaenda, akaenda, akamkuta Nyati. Nyati akamwambia, "Mwanaume ni shingo isiyoinama. Nitakupa yangu, unipe kuinama kwako. Siku ukikuhitaji kutarudi kwenyewe, na shingo itaondoka."

Sichilima akatoa, akapokea.

Akaenda, akaenda, akaenda, akakuta Jiwe. Jiwe lilikaa kimya hadi umande ukamkaukia Sichilima mwilini. Kisha likasema, "Mwanaume ni jicho kavu. Nitakupa langu, unipe machozi yako. Siku ukiyahitaji yatarudi yenyewe, na jicho langu litaondoka."

Sichilima akatoa, akapokea, akarudi nyumbani.

Namwela alimtazama mlangoni, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha wageni. Sichilima akanguruma akitaka kujua kigoda kile ni cha nini.

"Mume wangu aliingia ukunguni," Namwela alijibu. "Nikimwona nitamwambia ulipita."

Lyela alijificha nyuma ya mama yake, hakutoka.

Lakini wahunzi walimpenda sana mtu huyu mpya. Kapele mwenyewe alimfutia vumbi kiti. Na wakati ulikuwa umebana. Mvua zilikaribia, majembe ya nchi nzima yalikuwa yamelika hadi kwenye mpini, na mkaa ulitosha kuwasha tanuri mara tatu tu. Chuma kisipopatikana mara hizo tatu, mvua ingenyeshea mashamba yasiyolimwa.

Wakawasha mara ya kwanza. Tanuri likauliza, "Nani ananivukutia?"

"Mimi Sichilima, niliyefundishwa na Simba."

"Simba halimi," likasema tanuri.

Sichilima akanguruma watu waongeze kasi. Waliogopa, mvukuto wa kulia ukaupita wa kushoto, pumzi zikagongana, moto ukapaliwa. Likazaa majivu.

Wakawasha mara ya pili. "Nani ananivukutia?"

"Mimi Sichilima, niliyefundishwa na Nyati."

"Nyati halimi."

Kazi ya mkuu wa mivukuto ni kuinama mara kwa mara, kuchungulia moto kwenye tundu la chini na kuzibua mrija unaopitisha pumzi ya mivukuto. Sichilima hakuinama. Mrija ukaziba, ukuta ukapasuka. Likazaa majivu.

Ukabaki mkaa wa mara moja. Wahunzi wakaziba ufa kwa udongo, wakangoja ukauke. Na Sichilima akagundua jambo: moshi wa siku mbili ulikuwa umemwingia machoni, na hakuwa na chozi la kuuosha. Aliona wekundu mtupu. Akaketi uani mchana ule, hatikisiki. Namwela alikuwa kando ya nyumba akichimba kwa kijiti, kwa sababu jembe lake lilikuwa limekwisha.

Lyela akatambaa uani. Akamwona baba yake, akamdhania jiwe, na watoto wa nchi ile hupenda kupanda mawe. Akalipanda, akaikumbatia shingo yake, akaanza kuteleza.

Sichilima alijua bei. Akiinama, shingo ya Nyati ingeondoka, na kicheko cha Kapele kingerudi. Asipoinama, mtoto angeanguka. Akainama.

Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Ngurumo ikampanda Sichilima kooni. Alijua kwamba ikitoka, mtoto huyu hatamgusa tena. Akaimeza. Ukatoka mnong'ono: "Lala, Lyela, lala."

Mtoto akalaza shavu kisogoni pake, akasinzia. Pumzi yake ikaingia, ikatoka. Ikaingia, ikatoka. Kulia, kushoto. Sichilima aliujua mwendo huo. Ulikuwa mwendo wa mivukuto ya baba yake, aliousikia akiwa mgongoni kwa baba huyo huyo, akiwa mdogo kiasi cha kutoweza kukumbuka. Na sasa alikumbuka.

Machozi yakaja. Yakatiririka, yakauosha moshi, na kitu cha kwanza alichokiona ni Namwela amesimama na kijiti chake. Namwela alifungua mbeleko kiunoni mwake, akamfunga mtoto vizuri mgongoni kwa baba yake. Kisha akachukua kigoda cha wageni, akakirudisha ndani.

Wakawasha mara ya tatu. Sichilima alifika na mtoto mgongoni, na Kapele akauliza wamekuja kuyeyusha chuma au kunyonyesha.

"Kaa kwenye mvukuto wa kushoto, ndugu yangu," Sichilima alisema kwa sauti ya chini. "Sikiliza mtoto anavyopumua. Twende hivyo."

Kapele alitaka kucheka. Akautazama mkaa, akaona ndio wa mwisho, akakaa.

Tanuri likauliza, "Nani ananivukutia?"

"Baba yake Lyela."

Watu wakabana pumzi.

"Vukuta," likasema tanuri.

Wakavukuta. Kulia, kushoto. Sichilima akaimba:

Lala, chuma, lala,
jembe liko njiani,
baba yuko hapa.

Akainama, akachungulia, akazibua mrija. Moshi ukaja, machozi yakauosha. Jua likapanda, jua likashuka. Wahunzi walisema baadaye kwamba walilala macho wazi na mikono ikienda. Mmoja alisikia harufu ya nyumba ya bibi yake. Kapele alimwona marehemu baba yake akimvusha mto, amemweka mabegani, na maji yakimfika baba kidevuni. Hakumwambia mtu ila miaka mingi baadaye.

Jua lilipokuchwa, Mama akazaa. Chuma kilitoka chekundu na kizito, kikawekwa juu ya mchanga, na watu wakakaa wakikitazama. Kabla ya tone la kwanza la mvua, kila nyumba ilikuwa na jembe.

Siku chache baadaye, Kapele alipitia nyuma ya nyumba ya Sichilima, akamwomba Namwela amwazime mbeleko. Alisema ni ya kubebea mkaa.

Namwela akampa. "Mkaa huo ukilia, shemeji," alimwambia, "uimbie."

Tangu siku ile, katika nchi ile, hakai mtu kwenye kiti cha mivukuto mpaka abebe mtoto mgongoni tangu alfajiri hadi jua kuchwa, na mtoto akubali kulala.

Jamani, nguvu isiyojua kuinama huzaa majivu. Anayekuuzia uanaume, mtazame kwanza: je, analima?

Na mimi nilipewa jembe moja. Nikalima, nikalima, nikafika hadi mlangoni kwenu, nikamwona baba mmoja kamshika mtoto kama aliyeshika chungu cha moto. Jina sikulitaja, maana yumo humu ndani na ananitazama.

Ngano yangu imepoa. Mwenye kuipenda aibebe mgongoni.